Sidra au Dhilal

Saa nane na nusu mchana, wizara za Al Khuwair, mjini Maskati, zilipofunga na watumishi wakamwagika mitaani na njaa zao, Muhsina aliingia kwenye mkahawa mmoja nyuma ya barabara kuu akampokonya mwanamme asiyemjua shawarma iliyokuwa imeshafika mdomoni.

"Tema," alimwambia.

Mwanamme akatema. Alitema ndani ya karatasi ya kupangusia, akaikunja mara mbili, ndipo akauliza kwa upole, "Nimekula nini?"

"Bora usijue."

"Nimeshameza tonge mbili, dada yangu. Nna haki ya kujua."

Muhsina alikuwa mkaguzi wa vyakula, na huu ulikuwa mwaka wake wa tisa. Abaya yake nyeusi haikuwa na nakshi wala shanga, na mikono yake aliitia lastiki ili isije ikagusa meza za watu. Alikuwa ametoka jikoni dakika ile ile. Huko alikuta ndoo ya krimu ya thomu imewekwa kando ya mlango wa choo, imefanya utando wa manjano, na katikati ya utando mende wawili wamekufa wameshiba. Alimweleza yote hayo bila ya kumpunguzia mende hata mmoja, kwa sababu alichefukwa na alipenda na wenzake wachefukwe.

Alitarajia bwana huyu afoke, au adai pesa zake. Badala yake aliinuka akenda kwenye beseni la kunawia. Alikuwa mrefu, kanzu yake nyeupe imenyooka, kishada cha kolani kinanukia udi. Akapandisha mikono ya kanzu hadi viwikoni, akasabuni viganja, migongo ya viganja, katikati ya vidole na chini ya kucha. Akasuuza, akarudia mara ya pili, kisha akafunga bomba kwa karatasi ili asilishike tena.

Muhsina alisahau kuandika. Katika miaka tisa ya kuwaangalia watu wakinawa, na wengi wao wakijilowesha ncha za vidole tu na kumdanganya Mungu, hajapata kumwona mwanamme aliyefunga bomba kwa karatasi.

"Nakuhitaji uwe shahidi," alimwambia aliporudi. "Jina na namba ya simu."

"Thabit. Na tumbo likinikamata?"

"Ntakupigia siku ya tatu kukuuliza. Ndio utaratibu."

Utaratibu wa namna hiyo haukuwepo. Alimpigia siku ya pili.

*

Mapenzi yao yalikuwa ya simu, maana Muhsina alikuwa anakaa na mama yake Khuwair ya Kusini na hakuwa mtu wa kuonekana mikahawani na mwanamme. Wala hakuitaka mikahawa. Aliyajua majiko yake.

"Umekula nini leo, habibti?"

"Tango. Nimelimenya mwenyewe."

"Tango tu?"

"Nimetoka kukagua duka la samaki. Yule muuzaji anajikuna shingo halafu anashika changu, anajikuna, anashika. Thabit, nimemtazama robo saa nzima. Aka, usinkumbushe."

"Umejikumbusha wewe mwenyewe, roho yangu," na kicheko chake kikaja taratibu kwenye simu, kikamtoa Muhsina kinyaa chote cha siku nzima.

Hilo halikuwa jambo dogo. Wachumba wawili walikwishamshinda. Wa kwanza alilamba kidole ili afunue kurasa za mkataba wa nyumba mbele ya wazee. Wa pili alikoroga chai, akaramba kijiko, akakirudisha kwenye bakuli la sukari la mama yake, na posa ikafia pale pale. Watu wa ukoo wakaanza kusema kwamba binti Jawaher ana maradhi ya roho, ataolewa na sabuni. Muhsina alikuwa na miaka thelathini na tatu, na maneno hayo yalimuuma, kwa vile usiku mwengine aliyaamini.

Basi Thabit alipoleta wazee wake, watu wenye asili ya Unguja kama kina Muhsina, Bi Jawaher alimtazama anavyonawa kabla ya kula na baada ya kula, akamnong'oneza binti yake, "Huyu usinipotezee." Kazi yake alisema ni muhandisi wa maji. Bi Jawaher akaona hiyo ni kazi safi kuliko zote duniani. Milka ikapangwa, siku ambayo kadhi angewafungisha ndoa, na kadi zikapelekwa mpaka kwa jamaa wa Nizwa.

Ikabaki safari ya baada ya harusi, na hapo ndipo walipoanza kuvutana.

Walikubaliana waende Musandam, kaskazini kabisa, kule bahari inapojipenyeza kati ya majabali na kufanya hori ndefu zenye kuta za mawe pande zote mbili. Waende kwa boti siku nzima. Lakini hori zilizouzwa kwa watalii zilikuwa mbili, Khor Sidra na Khor Dhilal, na mtu hukata tiketi ya moja.

"Mie nataka Sidra," alisema Muhsina. "Nimesoma. Maji yametulia kama ya birika, mtu anaogelea bila ya khofu. Na boti yake ina vyoo viwili, cha wanawake mbali."

"Dhilal nzuri zaidi."

"Kwa nini?"

"Ina upepo."

"Upepo upo hata kwenye paa letu, Thabit."

"Ina majabali marefu."

"Choo je?"

"Kimoja," alikiri Thabit. "Lakini habibti, niamini tu. Twende Dhilal."

Kila akimuuliza sababu, Thabit alitoa nyengine mpya, na zote zilikuwa nyepesi. Mara kivuli, mara samaki, mara nahodha wa Dhilal ni mcha Mungu. Muhsina alizoea wapishi wanaoficha kitu nyuma ya friji. Wote huzungumza namna hiyo hiyo. Roho ikaanza kumcheza, akaituliza mwenyewe kwa kuikumbuka ile karatasi juu ya bomba.

*

Wiki mbili kabla ya milka alikwenda kwa wakala wa safari karibu na kwao. Alikusudia kukata tiketi za Sidra na kumshangaza mchumba wake. Kaunta ilishikwa na Jerusha, Mkenya mwenye nywele zilizosukwa vizuri na ulimi mwepesi.

"Madam, Sidra ndio iko poa kwa honimuni," Jerusha alisema. "Dhilal watu wanatapika, kuna mawimbi. Hebu nikuonyeshe. Kapteni hunitumia picha za wateja kila safari."

Akaigeuza kompyuta. Muhsina aliangalia majabali ya rangi ya kahawia, maji ya kijani, Wazungu wekundu. Halafu ikaja picha ya saba.

Thabit alikuwa amekaa juu ya mito ya boti, kavaa shati la maua ambalo Muhsina hajapata kuliona, anacheka. Ubavuni pake mwanamke wa shungi la kijani, mzuri, kaangua kicheko naye. Kati yao palikuwa na sanduku la barafu limefunguliwa, na mwanamke anampa chupa kwa mkono, na yeye anaipokea.

"Hawa walikuwa very sweet," alisema Jerusha. "Kapteni Saeed alisema hata hawakutaka kuogelea, walitaka kukaa nyuma ya boti peke yao tu."

"Lini hii?"

Jerusha akasoma tarehe. Ilikuwa Jumanne ambayo Thabit alisema yuko Sohar kwenye mkutano.

Muhsina alihisi mate ya chumvi yakimjaa mdomoni, kama alivyohisi mbele ya ile ndoo ya thomu. Kwa hiyo hii ndiyo sababu ya Dhilal. Sidra ilikwishaliwa. Mito ile ile, sanduku lile lile, pengine kicheko kile kile cha taratibu. Yeye alikuwa anaandaliwa makombo, na mwenye makombo alikuwa na haya kidogo ya kumbadilishia sahani. Alimwomba Jerusha amtumie ile picha, akatoka bila ya tiketi, akatema mate kwenye pipa la taka mbele ya watu, jambo ambalo hajapata kulifanya maishani.

Alimpigia akiwa ndani ya gari, kiyoyozi kikimpiga usoni.

"Jumanne ile ulikuwa wapi?"

"Nlikuwa... kazini."

"Sohar?"

Muhsina hakumngoja ajibu.

"Nna picha yako, Thabit. Uko Sidra, juu ya boti, na mwanamke wa shungi la kijani."

"Hadeel? Muhsina, sikiliza, yule mwenzangu wa kazi."

"Kazi gani hiyo ya kuvaa shati la maua?"

"Siwezi kukwambia kwa simu. Nipe wiki moja tu, kipenzi changu, ntakwambia yote."

"Wiki moja ili uongo wako uzidi kuoza," alisema Muhsina, akakata simu.

Akaingia nyumbani akamwambia mama yake hakuna milka. Bi Jawaher alikuwa anapanga vikombe vya kahawa vya wageni. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya kiti akavitazama vile vikombe.

"Huyu kafanya nini? Karamba kijiko?"

"Kanidanganya, mama. Nnamwona kinyaa."

"Kila mtu unamwona kinyaa, mwanangu. Mie nimezeeka. Siku nikiondoka, nani atakuwa na wewe humu ndani? Hilo ndilo linaloniweka macho." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nipe mpaka Ijumaa kabla ya kuwaambia watu. Nioneshe kwamba safari hii ni kosa lake, si roho yako."

Muhsina akaingia chumbani akalia. Alilia kwa hasira, halafu alilia kwa sababu alimpenda, na hilo la pili lilimkirihi zaidi.

*

Siku ya tatu alikuwa na kazi kwenye jiko la kumbi za harusi. Wali ulikuwa umelala tangu jana, una ute, unavutika ukiunyanyua kwa mwiko. Alivaa glavu, akachota, akatia kwenye chupa, akaandika lebo. Alipoinua chupa kuitazama kwenye mwanga, mwenzake Fahd, aliyepiga picha za ushahidi, akasema jambo la kipumbavu kuhusu bwana harusi wa jana na tumbo lake, na Muhsina akacheka.

"Nimekupata unacheka," alisema Fahd. "Tazama. Utadhani umekwenda kutembea baharini."

Akamwonesha simu. Muhsina alijiona mwenyewe anacheka, chupa mkononi, sanduku la barafu limefunguliwa mbele yake.

Akaduwaa. Kila siku ya Mungu alikuwa analibeba sanduku kama lile. Analitia mbele ya gari na kulifunga mkanda, kwa sababu chupa zikipinduka kazi imepotea.

Akavua glavu, akanawa, akafungua simu yake na ile picha ya boti. Aliikuza mpaka ikakaribia kupasuka. Chupa ile haikuwa na shira wala soda. Ilikuwa na kifuniko cha samawati na lebo nyeupe yenye maandishi ya kalamu nzito. Halafu akaangalia mkono wa Thabit. Kwenye kifundo palikuwa na mkunjo mwembamba, ngozi juu ya ngozi. Na yule mwanamke vile vile.

Walivaa glavu. Na yeye, anayewatoza faini wapishi kwa glavu moja iliyotoboka, alikuwa ameitazama picha hiyo mara mia na kuona mapenzi tu.

Akampigia.

"Ulivaa glavu," alisema.

"Naam," Thabit akajibu.

"Uko wapi sasa hivi? Na usinambie Sohar."

*

Alipokuwa Thabit palikuwa nje ya mji, mwisho wa barabara ya changarawe, na harufu ilimpokea Muhsina kabla ya lango. Harufu ilikuwa nzito, tamu na mbaya, ikaingia kwenye buibui, ikakaa kooni. Aliona matangi makubwa ya mviringo, na mikono ya chuma ikizunguka polepole juu ya kitu cha rangi ya udongo chenye mapovu. Thabit alitoka akiwa na buti za mpira na ovaroli ya buluu, glavu zimemfika viwikoni. Alisimama mbali.

"Mie ni muhandisi wa maji," alisema. "Lakini si ya kunywa. Haya ndiyo yanayotoka majumbani kwenu."

Muhsina akageuka, akainama kando ya gari yake, akatapika tango lote la asubuhi. Thabit hakumsogelea. Alimwekea chupa ya maji chini, nusu njia, akarudi nyuma.

"Ndio maana sikukwambia," alisema. "Ulinambia mikono yangu ndiyo misafi kuliko yote Maskati. Ungejua kwa nini nanawa vile, ungekimbia. Nlikusikia unavyowaeleza watu. Yule wa kijiko ulimwacha kwa kijiko tu."

"Na Sidra?"

"Boti zinatapisha matangi ya vyoo mule ndani. Hori imeingia mbali kwenye majabali, maji yake hayatoki upesi, uchafu unakaa. Tulikodi boti mie na Hadeel kama wachumba ili nahodha asishtuke, tukachukua sampuli nyuma. Ripoti bado iko kwa wakubwa, nimekatazwa kusema hata kwa mama yangu. Na wewe ukataka kuogelea mule. Ukatie kichwa. Ndio maana nikang'ang'ania Dhilal."

Muhsina alisukutua, akatema, akajipangusa. Akamtazama mtu huyu aliyesimama kwenye harufu ile amenyooka, na buti zake. Kinyaa kilikuwepo, hakukikana. Lakini alikijua kinyaa, alikuwa na ujuzi nacho wa miaka tisa, na hiki hakikuwa kwa ajili ya matangi.

"Choo kinasafishwa, Thabit," alisema. "Ndio kazi yako. Uongo nnausafisha na nini?"

Thabit akatazama matangi.

"Unadhani mie nnaogopa uchafu? Mie nnauingia kila siku kwa miguu yangu. Nnachokichukia ni mtu anayeuficha nyuma ya friji. Kumbe umenifanya mwenzao."

"Nimekosa," alisema Thabit. Macho yalikuwa yamemlowa, na hakuweza kuyapangusa kwa sababu ya glavu. "Nimekosa, Muhsina. Sina la ziada."

Muhsina alifungua mlango wa gari. Thabit akainamisha kichwa, akadhani anaondoka. Yeye akatoa buti zake za kazi kutoka nyuma ya kiti, akazivaa, akachukua daftari lake.

"Nioneshe," alisema. "Tangu yanapoingia mpaka yanapotoka. Usiruke hata pahala pamoja."

Wakatembea saa nzima. Alisimama mara mbili kwa kichefuchefu, na mara zote mbili Thabit alimngoja. Penye wavu wa kwanza aliona matambara, nywele na vitu asivyotaka kuvitaja. Penye tangi la mwisho maji yalikuwa meupe, hayana harufu. Thabit akamwambia hayo yanakwenda kwenye mabomba ya kando ya barabara, kumwagilia maua.

"Yale ya barabara kuu? Ya waridi?"

"Yale yale."

Kila asubuhi akienda kazini aliyatazama maua hayo. Yalikuwa kitu pekee Al Khuwair ambacho hajakiona na dosari. Alifunga daftari.

"Milka iko pale pale," alisema. "Lakini ukinificha tena kitu, hata kama ni panya, ntakufunga kama ninavyofunga mikahawa."

*

Baada ya harusi, Muhsina alirudi kwa Jerusha. Ripoti ilikuwa imeshatoka. Kuogelea Sidra kumepigwa marufuku mpaka patakapotakata, na picha zake zimebanduliwa ukutani.

"Dhilal basi, madam?"

"Sidra."

Jerusha akamtazama kama mgonjwa. "Lakini huko sasa hakuna swimming. Mtaenda kufanya nini?"

"Mume wangu ana kazi kule," Muhsina alisema. "Nataka nimwone akiifanya."

Thabit alipoambiwa alibisha mpaka uwanja wa ndege. Siku nne walizopewa, Dhilal inawangoja na upepo wake, na mke anataka kwenda kukaa juu ya maji ya choo. Muhsina alimsikiliza, akampa biskuti.

Boti iliwaingiza asubuhi. Majabali yalipanda pande zote mbili, makavu, na maji ya kijani yalikuwa mazuri ajabu, jambo lililomchukiza Muhsina kupita kiasi, kwamba uzuri wote ule ni juu tu. Kwenye pembe moja povu la kahawia lilikuwa linachezacheza kwenye mawe. Alichefukwa, akameza mate, akafungua sanduku la barafu. Yeye akaandika lebo. Thabit akainama ukingoni, akazamisha chupa, akaitoa, akaifunga.

Chupa zilipofika sita, akavua glavu. Moja ilikuwa imechanika, kidole cha shahada kimelowa.

"Nipitishie sabuni, habibti."

Muhsina alikuwa na sabuni mapajani. Aliutazama ule mkono, mkubwa, umelowa, una mikunjo ya glavu kwenye kifundo. Wiki nzima ya harusi walikuwa wanashikana mikono iliyooshwa, inayonukia udi na hina.

"Subiri," alisema Thabit, akiurudisha nyuma. "Sijanawa."

Lakini alikuwa ameshaushika.